Chururu au ndo ndo ndo? Mwongozo kamili wa kutumia “constantly”

Katika hoteli moja ya ufukweni niliwahi kukuta kibao kando ya bwawa la kuogelea. Kwa Kiingereza kiliandikwa: “Children must be watched constantly.” Chini yake, kwa Kiswahili: “Watoto waangaliwe mara kwa mara.” Nilisimama nikakisoma tena, maana maandishi ya juu na ya chini hayakuwa agizo moja. Mzazi aliyesoma Kiingereza ameambiwa asimtoe mtoto machoni. Aliyesoma Kiswahili ameambiwa ainue kichwa kila baada ya muda, atazame, kisha arudi kwenye mazungumzo yake. Penye maji, tofauti hiyo inaweza kugharimu uhai wa mtoto.

Aliyetafsiri hakufanya uzembe. “Constantly” mara nyingi hutafsiriwa hivyo, na kuna sentensi ambazo tafsiri hiyo inakaa vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba neno hili lina nyuso mbili, na Kiswahili hakina neno moja linalozivaa zote. Kwa hiyo tulifuate hatua kwa hatua: kwanza maana yake, kisha mahali pake katika sentensi, kisha namna ya kulivusha kuja Kiswahili na kulirudisha.

Hatua ya 1: Tenga maana mbili

Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo. Chururu ni maji yanayotoka yameshikana kama uzi. Ndo ndo ndo ni matone, moja baada ya jingine, na kati ya tone na tone pana nafasi hata kama ni ndogo. Kiswahili kilizitenga hali hizi mbili hadi kikazitungia methali. “Constantly” huzibeba zote, na msikilizaji ndiye anayeachiwa kazi ya kujua ni ipi iliyokusudiwa.

Tazama sentensi hizi:

“The fridge hums constantly.”
“My nephew constantly asks for money.”

Jokofu linavuma bila kukatika. Hiyo ni chururu. Mpwa wangu haombi pesa kwa pumzi moja toka asubuhi hadi usiku; ameomba leo mchana, jioni ameomba tena, kesho kabla ya chai yuko mlangoni. Hayo ni matone, ila yamekaribiana mno hata ndoo inajaa.

Anayekuonyesha njia hapa ni kitenzi. Tendo linaloweza kuendelea lenyewe bila kuanza upya, kama “flow”, “blow”, “burn”, “ache” au “watch”, hulivuta neno upande wa chururu. Tendo linaloisha na kuanza tena, kama “ask”, “ring”, “knock”, “cough” au “forget”, hulivuta upande wa matone. “His tooth ached constantly” ni jino lililouma usiku kucha bila kumpa nafuu. “He coughed constantly” ni kikohozi kilichokuwa kikimrudia kila baada ya kitambo kidogo, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kukohoa saa nzima bila kuvuta pumzi.

Vipo vitenzi vinavyokaa katikati, na hapo mazingira ndiyo yanayoamua. “Stir constantly” katika maelekezo ya mapishi maana yake mwiko usitoke mkononi. Anayepika kastadi akaacha kukoroga ili apokee simu atarudi akute imeshika chini na juu ina madonge. Wapishi wa halua wa Unguja na Pemba hawahitaji kufafanuliwa agizo hili: sufuria ya halua hukorogwa muda mrefu bila kupumzishwa, na mmoja akichoka humpokeza mwenzake mwiko. Mapishi yanayotaka ukoroge, uache, kisha ukoroge tena yatasema “stir occasionally”. Hapo ndipo “mara kwa mara” ina haki ya kukaa.

Mpaka wa matone nao upo. Mjomba anayekuja kila mwisho wa mwezi, hata akija miaka 20 bila kukosa, hatusemi “he visits constantly”. Anakuja “every month” au “regularly”. Matone yakiachana mbali, neno halifai.

Hatua ya 2: Jua lilikotoka

Mzizi wake ni Kilatini: “stare”, yaani kusimama, ukatiwa “con-” ukawa “constare”, kusimama imara. Inanipendeza kwamba Kiswahili kilipita njia hiyohiyo kikapata neno “msimamo”, tena kutokana na kusimama. Katika Kiingereza cha zamani mtu aliyeitwa “constant” alikuwa mtu mwenye msimamo, na kufanya jambo “constantly” kulikuwa kulifanya bila kuyumba.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaonyesha hilo waziwazi. Katika Matendo 12:15, kijakazi Roda amewaambia watu kwamba Petro yuko mlangoni nao wamemwona ana wazimu. Imeandikwa: “But she constantly affirmed that it was even so.” Msomaji wa leo hudhani Roda aliyarudia maneno yake mara nyingi. Kinachosemwa ni kwamba aliyakaza, hakurudi nyuma. Neno hilohilo limo katika Tito 3:8 kwa maana hiyohiyo. Ukikutana nalo katika maandishi ya karne hizo, jaribu kwanza maana ya msimamo kabla ya maana ya mara nyingi.

Maana hiyo imebaki kwenye kivumishi: “a constant friend” ni rafiki asiyegeuka. Kwenye kielezi imekwisha. Ukiandika leo “He constantly supported me” ukikusudia kwamba hakukuacha kwenye shida, msomaji ataelewa tu kwamba alikupa msaada mara nyingi. Andika “He stood by me”.

Wanafunzi wa sayansi wana mtego wao. Katika fizikia, “constant” ni kitu kisichobadilika, kama mwendo wa nuru katika ombwe, yaani mahali pasipo kitu hata hewa: mita 299,792,458 kwa sekunde. Ila kielezi hakikubeba maana hiyo. Gari lisilosimama, lakini mara laongeza mwendo mara lapunguza, “is moving constantly”. Haliendi “at a constant speed”. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.195 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kila kilomita ilimchukua takriban dakika 2 na sekunde 50. “He kept a constant pace” inaieleza kazi ile kama ilivyokuwa. “He ran constantly” inasema tu kwamba hakuacha kukimbia, sifa ambayo hata aliyefika wa mwisho anaweza kuwa nayo. Kwenye karatasi ya mtihani, mwendo usiobadilika uandike kwa kivumishi.

Hatua ya 3: Liweke mahali pake

Kiswahili hupenda kuweka kielezi baada ya kitenzi: anauliza sana, anakuja haraka. Tabia hiyo tukiihamishia kwenye Kiingereza, tunapata “He asks constantly me questions”, na sentensi imevunjika. Kati ya kitenzi na kinachotendwa hakuingii kielezi. Sema “He constantly asks me questions.”

Kanuni za kukumbuka ni chache. Kitenzi kikiwa peke yake, “constantly” hutangulia: “She constantly checks her mirrors.” Kwenye “am”, “is”, “are”, “was” na “were”, hufuata: “The road is constantly wet.” Vitenzi visaidizi vikiwa viwili, kwa kawaida huingia baada ya cha kwanza, kama katika “The plan has constantly been changed”, lakini kwenye agizo la kutendwa hukaa vizuri pia karibu na kitenzi kikuu, “The pot must be constantly stirred.” Na mwisho wa sentensi panafaa pale kitenzi kisipokuwa na kinachotendwa: “The phone rang constantly.” Kuanza nalo sentensi sikushauri, Waingereza wenyewe hufanya hivyo kwa nadra.

Linakaa vizuri pia mbele ya vivumishi vya hali: “constantly tired”, “constantly hungry”, “constantly afraid”. Likishikana na neno la “-ing” mbele ya nomino, usitie kistari: “a constantly changing timetable”. Vielezi vinavyoishia na “-ly” havihitaji kistari hicho.

Vitenzi vya kujua, kupenda na kuamini vinalikataa. “I constantly love you” haisemwi. Upendo hauna matone ya kuhesabu, na chururu yake Kiingereza huipa “always”: “I have always loved you.” Kwenye ukanushi nako kaa macho. “He constantly doesn’t listen” ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. Sema “He never listens.”

Hatua ya 4: Sikiliza lawama ndani yake

Linganisha hizi mbili:

“She constantly checks the oil.”
“She is constantly checking my phone.”

Ya kwanza ni taarifa, tena karibu ni sifa: dereva makini. Ya pili ina mtu aliyechoka. “Constantly” likiingia kati ya “is” na kitenzi cha “-ing”, na tendo lenyewe likiwa la kuudhi, Kiingereza kinalalamika. “Always” na “forever” hufanya vivyo hivyo mahali hapo. Kiswahili kina chombo chake cha lawama hii, na ni kizuri kuliko kielezi chochote: “Kazi yake kupekua simu yangu.” Au: “Kutwa anapekua simu yangu.”

Tendo likiwa jema, lawama haipo. “She is constantly learning” ni pongezi, na “I am constantly amazed by these children” ni mshangao wa furaha. Kwa hiyo usiogope muundo wenyewe, pima tendo.

Kazini pima mara mbili. Mkuu wa idara anayeandika “You are constantly late” hajatoa taarifa, amefungua ugomvi, kwa sababu sentensi inamhukumu mtu mzima na tabia yake yote. Mwenye nia ya kurekebisha huandika idadi: “You have been late four times this month.” Mtumishi anaweza kuijibu hiyo. Ile ya kwanza itamfanya ajitetee.

Hatua ya 5: Usilichanganye na jamaa zake

“Always” ni kila inapotokea nafasi. “I always lock the door before I sleep”: nikienda kulala nafunga, mara moja kwa usiku. Ukisema “I constantly lock the door” unajieleza kama mtu mwenye hofu, anayeinuka kitandani kila dakika chache.

“Consistently” ndilo linalochanganywa zaidi, hasa kwenye barua za kuomba kazi. Hili linahusu ubora au namna ileile kila mara. “I constantly meet deadlines” inashangaza kidogo, kana kwamba tarehe za mwisho zinamiminika mchana kutwa. Kinachotakiwa ni “I consistently meet deadlines”, yaani hakuna niliyoikosa. Mkahawa ambao pilau yake haijawahi kuharibika ni “consistently good”. Kama unasimulia kutobadilika kwa kiwango, chukua “consistently”. Kama unasimulia wingi wa marudio au kutokatika, rudi kwa “constantly”.

“Continuously” na “continually” waalimu wengi huzitenga kwa kipimo kilekile cha maji: ya kwanza chururu, ya pili matone. Waandishi wengi hawauzingatii mpaka huo siku hizi, lakini kwenye maelekezo ya mashine au ya kitabibu ningeufuata. Pale usalama unapotegemea kutokatika, “continuously” ni salama kuliko “constantly” kwa sababu halina uso wa pili.

“Steadily” lina mwelekeo ndani yake. “Haba na haba hujaza kibaba” ni “steadily” tupu: kidogo kidogo, bila kurudi nyuma, na kuna mahali tunakwenda. “The price of sugar rose steadily” ni bei iliyopanda ngazi kwa ngazi. “The price changed constantly” ni bei iliyopanda ikashuka ikapanda.

“Invariably” ni kila mara bila hitilafu hata moja, na lina sauti ya maandishi zaidi. “Incessantly” ni “constantly” lililokasirika. Litunze kwa mbwa wa jirani anayebweka usiku.

Hatua ya 6: Livushe kuja Kiswahili

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo tafsiri nyingi zinapoteleza. Mazoea ni kushika “daima” au “mara kwa mara” na kusonga mbele.

“Daima” ni neno zuri, lakini lina harufu ya umilele. Linafaa kwenye ahadi, kwenye sala, kwenye shukrani. “Simu iliita daima” hakuna Mswahili anayesema. Na “mara kwa mara” masikioni mwa wengi ni sasa na baadaye, si sana si kidogo. Wengine hulisikia kama mara nyingi. Neno ambalo wasomaji wawili wanalipima tofauti halifai kwenye agizo.

Ukishajua ni chururu au matone, tafuta kwanza kama kitenzi cha Kiswahili kinaweza kubeba maana chenyewe. Mara nyingi kinaweza. Kanusha kuisha kwa tendo: “Simu haikunyamaza.” “Hakomi kulalamika.” “Haishi kuuliza.” “Bei hazitulii.” Hakuna kielezi hata kimoja hapo, na “constantly” yote imo ndani.

Au tumia “kushinda” na “kukesha”, vitenzi viwili ambavyo Kiingereza hakina mfano wake. “The baby cried constantly” mchana ni “Mtoto ameshinda akilia”. Usiku ni “Mtoto amekesha akilia”. Umesema tendo, kutokatika kwake na saa yake kwa neno moja.

Uradidi, yaani kulirudia shina la kitenzi, nao ni njia, ila una ladha yake. “Anagusagusa simu” ni “he constantly touches his phone”, pamoja na dokezo kwamba hana shughuli ya maana nayo. Usiutumie kwa tendo zito. Muuguzi anayemwangalia mgonjwa muda wote si “anaangaliaangalia”. Huo tayari ni uzembe.

Kielezi kikihitajika, kwa chururu una “muda wote”, “bila kukoma”, “bila kuacha”, “mfululizo”, “kutwa kucha”. Kwa matone una “kila mara”, “kila wakati”, “kila kukicha”, “mara nyingi mno”. Kile kibao cha bwawani kilipaswa kusomeka “Watoto waangaliwe muda wote”, na kama mchoraji ana nafasi ya herufi zaidi, “Usimtoe mtoto machoni”, ambayo mzazi anaielewa hata akiwa anapita.

Hatua ya 7: Lirudishe kutoka Kiswahili

Mtu akikuambia “Unaniita kila saa”, hahesabu saa. “You call me every hour” ingemfanya Mwingereza atazame saa ya ukutani. Sema “You are constantly calling me.” Vivyo hivyo “kila kukicha” katika “Kila kukicha wana ugomvi” haihusu alfajiri: “They are constantly quarrelling.”

Kiambishi “hu-” kiache kilivyo. “Baba hunywa chai asubuhi” ni “My father drinks tea in the morning.” Kiingereza kinaonyesha mazoea kwa kitenzi kitupu, na ukiongeza “constantly” umemjaza mzee chai hadi adhuhuri.

Matamshi na tahajia, kwa ufupi

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu unataka kusema kon-STANT-li. Mkazo uwe mwanzoni: KON-stant-li. Silabi ya kati hufifia, irabu yake ikawa fupi isiyo “a” kamili wala “e” kamili, na kwa msemaji wa haraka “t” ya pili hupotea. Katika kuandika haipotei: ni “constant” kamili, kisha “-ly”. “Constanly” na “constently” ni makosa ninayoyasahihisha zaidi.

Jipime

Tafsiri hizi kabla ya kusoma maelezo yake.

“The nurse must constantly monitor the patient’s breathing.” Ni chururu, na ni agizo: “Muuguzi afuatilie upumuaji wa mgonjwa muda wote.” Kama hati ingetaka vipindi, ingetaja dakika.

“The rules are constantly changing.” Ni matone, na yana lawama: “Kila kukicha kanuni mpya.” Sentensi haina kitenzi, na ndivyo watu wanavyolalamika foleni ikiwa ndefu.

“Water flowed constantly from the broken pipe.” Chururu halisi: “Bomba lililopasuka lilitiririsha maji bila kukatika.”

Sasa kurudi upande wa pili: “Bibi haishi kutuuliza tutaoa lini.” Jibu ni “Grandmother is constantly asking us when we will get married.” Umbo la “is asking” linabeba ule uchovu wa wajukuu ambao “haishi” imeubeba. Ukiandika “Grandmother always asks us”, utakuwa umesema kwamba anauliza kila tunapoonana, mara moja, kisha anatuacha tule.